Kujilinda Kumeruhusiwa, Lakini kwa Silaha Gani?

 

 Somo letu la safari hii linatokana na mjadala usiokwisha katika vyumba vya wanafunzi tunaopanga huku Carama: je, Muislamu anaruhusiwa kuweka silaha nyumbani ili ajilinde? Baadhi yetu husema dini imeshamaliza jambo hili, kwa kuwa anayeuawa akitetea mali yake ni shahidi. Basi mwenye uwezo atafute bunduki. Wengine husema silaha ni kazi ya polisi na jeshi peke yao, na raia akivamiwa apige kelele kisha amwachie Mungu. Kila upande una dalili mkononi, lakini umeishika nusu.

Dalili zenyewe

Hadithi ya shahidi ni sahihi. Imo katika Bukhari na Muslim kutoka kwa Abdullah bin Amr (r.a.), na katika mapokezi ya Said bin Zayd (r.a.) kwa Abu Daud na Tirmidhi anatajwa pia mwenye kuuawa akitetea nafsi yake, dini yake na watu wa nyumbani kwake. Kwa hiyo asije mtu akatwambia kwamba Uislamu unamlazimisha mja anyooshe shingo achinjwe kama kuku.

Lakini ipo hadithi nyingine, ameipokea Imam an-Nasai, ambayo husikiki ikisomwa sana katika mijadala yetu. Mtu mmoja alimuuliza Mtume (S.A.W.) afanye nini akijiwa na anayetaka kumpora mali. Akaelekezwa kwanza amkumbushe Allah yule mvamizi. Na asipokumbuka? Atafute msaada wa Waislamu walio karibu naye. Na kama hakuna aliye karibu? Atafute msaada wa mtawala. Na mtawala akiwa mbali? Hapo ndipo alipoambiwa apigane. Hesabu ngazi hizo: neno, jirani, dola, kisha mkono. Anayetaja ushahidi peke yake ameanza kuhesabu kutoka juu.

Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo inayofuatwa na wengi wetu Afrika Mashariki, walilifanya jambo hili kuwa mlango mzima wa fikihi, mlango wa kumzuia mshambuliaji. Kanuni yake kuu ni kuanza na lililo jepesi. Ikiwa kelele zinatosha, haifai kupiga. Ikiwa mkono unatosha, haifai fimbo. Ikiwa fimbo inatosha, haifai upanga. Akikimbia, humfuati, akianguka akawa hawezi tena, humalizi. Tena wakatofautisha: kutetea mali kwa nguvu ni ruhusa, si wajibu, na unaweza kuiacha simu iende ukabaki na roho yako bila dhambi yoyote. Kutetea heshima ya watu wa nyumbani ni wajibu kwa anayeweza.

Mwanafunzi wa sheria ataona kwamba hayo hayako mbali na anayofundishwa darasani kuhusu kujihami kihalali: shambulio liwe lipo sasa hivi, kujibu kuwe kwa lazima, na jibu lilingane na hatari.

Sasa ichukue kanuni hiyo uipeleke kwenye silaha ambayo nchi yetu imeijua kuliko nyingine zote, guruneti. Fimbo unaweza kuipunguza nguvu. Hata bastola unaweza kuionyesha bila kufyatua. Guruneti ikishatoka pini haina nusu, haina onyo, wala haimchagui mwizi ikamwacha mtoto wa jirani aliyelala nyuma ya ukuta. Vyumba vyetu vya kupanga vinajulikana, ukuta mmoja watu wawili. Kwa hiyo hata kabla hatujaifikia sheria ya nchi, kanuni ya kuanza na lililo jepesi imeshaitoa guruneti katika orodha ya vitu vya kujilinda. Yeyote anayesema ameiweka kwa ajili ya wezi, hajui siku ya kuitumia atafanya nini.

Kuna na adabu za silaha ambazo vijana wanaopiga picha na bastola ya mjomba wangezisoma. Mtume (S.A.W.) alimkataza Muislamu kumwelekezea ndugu yake chuma hata kwa mzaha, na sababu aliyoitaja ni kwamba hajui, huenda shetani akamponyoka nacho mkononi. Aliamuru anayepita msikitini au sokoni na mishale azishike ncha zake. Alikataza kupeana upanga ukiwa nje ya ala. Mishale na panga ndizo zilizokuwepo, na tahadhari ilikuwa kubwa kiasi hicho. Sijui tungeambiwa nini kuhusu risasi.

Silaha zilizokuja kwa jina la ulinzi

Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993, mitaa ya Bujumbura iligawanyika, na vijana wa kila upande wakajizatiti wakisema wanalinda nyumba zao. Kundi la Sans Echec lilitokana na vijana wa mitaani, si wageni kutoka mbali. Bwiza na Buyenzi, mitaa iliyokuwa bado imechanganyika, haikusalimika Machi 1995. Na usiku wa kuamkia tarehe 12 Juni 1995, katika kampasi ya Mutanga, wanafunzi wengi waliuawa, na kati ya waliowaua walikuwemo wanafunzi wenzao. Watu waliokuwa wakikaa meza moja ya maktaba. Tarehe hiyo haistahili kupita kimya katika jarida la wanafunzi.

Serikali nayo ilijaribu njia ya kuwapa raia silaha. Katika miaka ya mwisho ya 1990 ulikuwepo mpango wa raia kujilinda, na baadhi yao wakaitwa Walinzi wa Amani. Shirika la Human Rights Watch liliuandikia ripoti Desemba 2001: watu walipewa bunduki na mafunzo haba, bila mshahara, na baadhi yao wakazigeuza kwa wale wale waliopaswa kuwalinda. Mtu mwenye njaa na bunduki usiku si mlinzi wa mtu.

Vita vilipokwisha, silaha zilibaki majumbani. Utafiti wa taasisi ya Small Arms Survey ya Geneva uliotolewa mwaka 2007 ulikadiria kuwa kaya kama 100,000 nchini zilikuwa na silaha. Ndipo ikaja sheria ya silaha ndogo ya tarehe 28 Agosti 2009, na raia wakapewa hadi tarehe 28 Oktoba mwaka huo kusalimisha walizonazo kabla ya kuanza kushitakiwa. Waliozileta walipewa vitu kama saruji na mabati. Wapo walioibeza biashara hiyo ya kubadilishana bunduki na bati. Kwangu mimi bati lile lilikuwa ulinzi wa kweli zaidi: linazuia mvua kila mwaka.

Dola ikiwa mbali

Tusiwaonee wanaotaka kubaki na silaha, kwani hoja yao ina mizizi. Huko Marekani, Mahakama Kuu iliamua mwaka 2008, kwa majaji 5 dhidi ya 4, kwamba raia ana haki ya kikatiba kuweka bastola nyumbani ajilinde. Video za wanaoitetea haki hiyo zinazunguka kwenye simu zetu, na hoja yao kubwa ni kwamba polisi hufika mwizi ameshaondoka. Nani wa huku kaskazini mwa jiji atalipinga hilo?

Hapa petu jeraha ni la ndani zaidi. Katikati ya mwaka 1995 jeshi liliingia Kamenge, jirani zetu hawa, kwa ajili ya kusaka silaha, na wakazi wakakimbia mtaa wao. Februari 2001 waasi wa FNL waliiteka sehemu ya Kinama kwa siku kadhaa na watu wakakimbia tena. Mzee aliyeyaona hayo mawili hawezi kuambiwa kwa urahisi kwamba mwenye sare atamlinda.

Mfano ulio wazi zaidi uko Uganda. Mwishoni mwa mwaka 2001 serikali iliwataka Wakaramoja wasalimishe bunduki zao kwa hiari, na maelfu zikakusanywa. Mwaka 2002 askari wakahamishiwa kaskazini kupigana na waasi wa LRA. Waliokuwa wamesalimisha silaha wakabaki mikono mitupu, na majirani ambao hawakusalimisha wakawavamia na kuwapora ng'ombe. Waliotii amri ndio walioumia. Zoezi liliporudiwa mwaka 2006 na kutumia nguvu, hakuna wa kushangaa kwamba watu walikuwa wagumu.

Rudi sasa kwenye hadithi ya an-Nasai. Mtawala yumo ndani yake kama ngazi ya msaada. Kwa hiyo serikali inayochukua bunduki ya raia imejitwika deni: simu ya polisi ipokelewe, gari liwe na mafuta, na msako uingie kila mtaa kwa usawa. Kudai deni hilo ni sehemu ya udhibiti wa silaha, na ni kosa kulisikiliza dai hilo kana kwamba ni utetezi wa bunduki.

Ngazi ya jirani nayo iko mikononi mwetu. Irondo la usiku lililopangwa kwa zamu na kujulikana kwa mkuu wa mtaa, taa mlangoni, firimbi, namba za simu za majirani wote bila kuuliza huyu ni kabila gani au dini gani. Irondo pia lina mipaka yake: kazi yake ni kuzuia na kukabidhi. Mwizi aliyekwisha kushikwa akapigwa hadi kufa ameuawa bila haki, kwani aliyeshikwa si mshambuliaji tena.

Swali la urithi

Kuna swali ambalo watu huuliza kwa sauti ya chini. Baba amefariki, na ndani ya sanduku au chini ya sakafu imekutwa silaha ya wakati wa vita. Je, inaingia katika mirathi?

Bunduki ya vita isiyo na kibali na guruneti si mali ya kugawanywa. Haina matumizi ya halali kwa mrithi, na kuiweka ni kuwatia hatarini wote wa nyumba ile. Kuiuza ni jambo baya zaidi: Bukhari ametaja kwamba sahaba Imran bin Husayn (r.a.) alichukia kuuza silaha wakati wa fitina, na wanazuoni wengi wamekataza kumuuzia yule unayejua ataitumia kwa dhulma. Kuitupa mtoni Ntahangwa pia si suluhisho, kwani watoto huchezea huko.

Kwa vitendo, guruneti iliyokaa miaka mingi isiguswe, isisogezwe, isifungwe kwenye mfuko ikabebwa kwa pikipiki hadi kituoni. Watoto watolewe chumbani na mlango ufungwe. Mrithi asiende peke yake kutoa taarifa. Aandamane na mtu mzima anayeheshimika, imamu au mkuu wa mtaa, na ikiwezekana mwanasheria, aeleze kwamba kitu kimekutwa kwa marehemu, lini na mahali gani, kisha aombe wataalamu wa mabomu waje wakichukue pale pale kilipo.