ELIMU KWA UMMA: IPI BUNDUKI YA MASHAMBULIZI?

Watumishi wa Serikali na wananchi wanakumbushwa kwamba jina la silaha likishaandikwa katika taarifa ya tukio huwa sehemu ya ushahidi. Likikosewa, wapelelezi huweza kutafuta silaha isiyokuwapo, na shahidi mkweli akaonekana mwongo mbele ya mahakama. Hivyo yafaa kueleza maana ya "bunduki ya mashambulizi", jina ambalo wengi hulitumia kwa kila bunduki yenye umbo la kijeshi.

Katika elimu ya kijeshi, bunduki hiyo hutambulikana kwa mambo matatu, ambayo sharti yawepo pamoja:

(a) hutumia risasi ya nguvu ya kati, yaani inayozidi ya bastola lakini haifikii ya bunduki kubwa za vita;

(b) risasi zake hukaa katika magazini inayochomolewa na kurudishwa;

(c) mtumiaji aweza kuchagua kutoa risasi moja kwa kila mvuto wa kifyatulio, au kuzitoa mfululizo.

Jina hilo lilienea kutokana na bunduki ya Kijerumani iliyoitwa Sturmgewehr mwaka 1944. Mfano ujulikanao zaidi ni AK-47, iliyopokewa na jeshi la Kisovieti mwaka 1949.

Makosa yanayotokea mara kwa mara ni haya:

1. Kuiita AK-47 "SMG". Kwa asili, SMG ni bunduki fupi ya rashasha itumiayo risasi za bastola.

2. Kuhukumu kwa risasi peke yake. SKS hutumia risasi ile ile ya AK-47, yenye kipimo cha milimita 7.62 kwa 39, lakini kwa kawaida hutoa moja moja. Haimo katika kundi hili.

3. Kudhani kwamba herufi "AR" katika AR-15 ni kifupisho cha jina hilo kwa Kiingereza. Zatokana na ArmaLite, kampuni iliyoibuni.

Mkanganyiko mwingine watoka Marekani. Sheria ya huko ya mwaka 1994, iliyokoma mwaka 2004, ilizuia "silaha za mashambulizi" zisizotoa risasi mfululizo, kwa kutazama vitu kama kitako cha kukunja na mahali pa kufungia singe. Hiyo ni maana ya kisheria, si ya kijeshi.

Hata hivyo, isidhaniwe kuwa bunduki isiyostahili jina hilo haina hatari. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo Tanzania ilitia saini, inazihesabu zote mbili, za mashambulizi na zinazotoa risasi moja moja, kuwa silaha ndogo zinazopasa kudhibitiwa.

Basi mwenye kuandika taarifa aeleze alichokiona na kukisikia: urefu wa silaha, umbo la magazini, na kama milio ilikuwa mmoja mmoja au mfululizo. Kutaja aina yake aachiwe mtaalamu wa silaha. Na aonaye silaha iliyotupwa asiiguse, bali atoe habari kwa Polisi au kwa Sheha wake mara moja.