Somo la Kuvuka Barabara Kuu Mjini Isiolo

Kwa miaka mingi lami iliishia Isiolo, na msafiri wa Marsabit au Moyale alishika njia ya changarawe kuanzia hapo. Katika miaka ya 2010 lami ilifikishwa hata Moyale, mwendo wa yapata kilomita 500, na safari iliyokuwa ya siku kadha sasa yaweza kuisha kwa siku moja. Faida hiyo hakuna awezaye kuikana. Lakini barabara hiyo hiyo yapita ndani ya mji, penye wanafunzi, akina mama wauzao maziwa ya ngamia, na wachungaji waendao mnadani na mifugo yao.

Na tufanye hesabu, msomaji, ukipenda uifuate kwa kalamu. Mtu mzima hutembea mita 1.2 hivi kwa sekunde moja. Barabara yenye upana wa mita 7 ataivuka kwa sekunde 6 hivi. Motokaa iendayo kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo mwisho wa mwendo ulioruhusiwa mijini na sheria ya Kenya, huwa imekwenda mita 83 katika sekunde hizo. Dereva akivunja sheria akaenda kilomita 80, itakuwa imekwenda mita 133, yaani kupita urefu wa uwanja wa mpira. Kikongwe au mtoto wa miaka saba atakisiaje mwendo wa lori lililo mbali kiasi hicho?

Husemwa mara nyingi kwamba waendao kwa miguu hawana hadhari. Wako wa namna hiyo, lakini hesabu yetu yaonyesha kwamba hata mwenye hadhari ashindwa na umbo la barabara.

Umbo hilo laweza kubadilishwa. Kikijengwa kisiwa kidogo katikati, mtu huvuka mita 3.5 tu kwa mara moja, akitazama upande mmoja, kisha hupumzika. Matuta yakipunguza mwendo wa magari hata kilomita 30, basi katika sekunde zake 3 gari huja mita 25 tu. Kivuko nacho hakina budi kuwekwa pale watu wanapovuka siku zote. Kikiwekwa mbali kwa ajili ya kupendeza ramani, hakitatumiwa.

Kando ya barabara pia pana kazi. Meza za biashara na bodaboda zikijaa njia ya miguu, mwenye kutembea husukumwa penye magari. Jijini Nairobi, mwaka 2019, barabara ya Luthuli ilifanywa ya kwenda upande mmoja, na nafasi iliyopatikana ikapewa waendao kwa miguu. Isiolo, kwa jua lake, yahitaji zaidi ya hayo: miti ya kivuli na viti mahali pa kungojea, pamoja na taa za usiku. Ila matawi ya chini yakatwe, ili dereva auone mapema utosi wa mtoto.