Ghala la Pamba Linapogeuzwa Nyumba

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na makao yake makuu kuwekwa Bariadi, ni miongoni mwa mikoa inayoongoza nchini kwa kilimo cha pamba. Mji unapopanuka, makazi husogea hadi kwenye mashamba, na majengo ya kilimo huanza kutazamwa kwa jicho jingine. Ghala lenye kuta imara, lisilopokea pamba tena, huonekana kuwa nyumba iliyokwisha kujengwa nusu. Hapo ndipo ugomvi huweza kuzaliwa: mkazi hulalamikia dawa na moshi, naye mkulima hujibu kwamba shamba lilikuwapo kabla ya nyumba.

Je, aliyetangulia ndiye mwenye haki? Katika kesi ya Sturges na Bridgman, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1879, mtengenezaji wa peremende mjini London alikuwa ametumia vinu vyake kwa zaidi ya miaka 20. Jirani yake, daktari, alipojenga chumba cha kuonea wagonjwa karibu na vinu hivyo, kelele zikamsumbua. Mahakama ilimpa haki daktari, ingawa chumba chake kilijengwa nyuma. Hivyo basi, kutangulia peke yake si kinga. Lililo muhimu ni kujua, kabla ya ujenzi, kitu gani husafiri kutoka shambani hadi nyumbani, na kwa umbali gani.

Tuanze na dawa ya kuua wadudu. Bomba la kunyunyizia hutoa matone ya ukubwa mbalimbali. Tone lenye kipenyo cha mikromita 100 (mikromita moja ni sehemu moja ya milioni ya mita) huanguka kwa kasi ya karibu mita 0.25 kwa sekunde. Likitoka kimo cha mita 1, hufika chini kwa sekunde 4. Upepo wa mita 2 kwa sekunde utalipeleka mita 8 tu. Tone la mikromita 20 huanguka kwa takriban mita 0.012 kwa sekunde. Hilo hukaa hewani sekunde 83 na kusafiri kama mita 166. Hesabu hii haikuzingatia mvuke, ambao hupunguza tone na kulifanya lielee zaidi. Kwa hiyo ukubwa wa tone na upepo wa saa ile huamua mengi kuliko hasira za majirani.

Pili ni moshi. Baada ya mavuno, miti ya pamba hung'olewa na kuchomwa ili wadudu wasipate mahali pa kujihifadhi hadi msimu ujao. Mkulima akizuiwa kufanya hivyo, hasara itaonekana katika mavuno yajayo.

Tatu ni jengo lenyewe. Ikiwa ghala liliwahi kuhifadhi dawa pamoja na pamba, sakafu na kuta zaweza kuwa zimefyonza sumu. DDT, kwa mfano, haiyeyuki kwa urahisi katika maji, nayo huweza kudumu udongoni kwa miaka mingi. Kupaka chokaa huficha doa, lakini hakuondoi sumu. Mtoto atambaaye sakafuni ndiye wa kwanza kudhurika. Sampuli za sakafu na udongo zipimwe katika maabara kabla ya familia kuhamia.

Sheria imeweka njia. Kijijini, halmashauri ya kijiji huandaa mpango wa matumizi ya ardhi chini ya sheria ya mwaka 2007. Mjini, kubadili matumizi ya kiwanja huhitaji kibali cha mamlaka ya upangaji. Ugomvi ukitokea, baraza la ardhi la kijiji hupatanisha. Baraza la kata nalo, tangu mwaka 2021, hupatanisha tu. Uamuzi ni wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Lakini hukumu huja baada ya madhara. Mpango uliotenga nafasi kati ya shamba na makazi humwachia mkulima msimu wake na mkazi afya yake.

Maswali
1. Upepo ukiwa mita 3 kwa sekunde, tone la mikromita 20 litafika umbali gani?
2. Kwa nini haifai kunyunyiza dawa wakati wa upepo mkali?
3. Chora ramani ya kijiji chako, uonyeshe mahali ambapo makazi yamekaribia mno mashamba.