Mashine Inayojua Kusimama

Mashine yangu ya kwanza ya kujaza mafuta iliondoka Dar es Salaam mgongoni mwa Fuso, imefunikwa turubai na kukazwa kamba kama kitanda cha bibi harusi. Ilikuwa na pua nne za kumiminia, mkanda wa kusafirisha chupa, silinda za hewa, na kisanduku cha umeme ambacho nyaya zake nilizipanga hadi usiku wa manane. Ilikuwa inakwenda Singida, karibu kilomita 700, kwa tajiri mmoja mwenye kinu cha kukamua alizeti. Kule karakanani ilijaza chupa 20 kwa dakika bila kumwaga tone. Nilipanda basi nikijiona mhandisi kamili. Siku ya tatu nilikuwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa, suruali imelowa mafuta, simu ya mzee wangu wa karakana inaita na mimi naitazama tu.

Tangu hapo nimeunda mashine nyingine kadhaa: za kujaza, za kukaza vifuniko, za kupima unga. Haya ndiyo yanayonijia kwanza kila ninaposhika penseli.

1. Maji si mafuta

Karakanani nilijaribia maji. Maji yakimwagika unadeki, mafuta yakimwagika unalipa. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: vali inafunguka sekunde kadhaa, inafunga, lita imeingia. Kwa maji haikukosea hata mara moja.

Mafuta ya alizeti yakiwa kwenye nyuzi joto 20, mnato wake ni karibu mara 60 ya ule wa maji. Yakifika nyuzi 40, mnato huo umeshashuka kama nusu. Sasa Singida iko juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za mwezi wa sita watu huko wanavaa makoti. Saa moja asubuhi mafuta yalikuwa yanavutika kama uji, chupa zikatoka zimepungua vidole viwili. Saa saba mchana, sekunde zile zile, chupa zikafurika.

Nikaamua kuachana na saa na kuweka mizani chini ya kila chupa. Wazo zuri, isipokuwa niliandika gramu 1,000. Lita ya mafuta ya alizeti ina gramu 920 hivi! Mafuta yakafika shingoni, yakapanda, yakashuka ubavuni, na tajiri amesimama pale pale mikono nyuma. Hakusema neno. Kibandiko kinasema lita, na watu wa Wakala wa Vipimo wakija watapima kilichomo chupani, hawatapima nia yako.

Siku hizi mteja akija namwomba kwanza madumu mawili ya bidhaa yake yenyewe. Asipoleta, sichori.

2. Keti na mwenye jagi

Kabla ya mashine, kazi ile ilifanywa na akina mama wanne, kila mmoja na jagi lake na faneli. Mimi nilifika na michoro yangu, nikapima chupa, nikapima chumba, nikaondoka. Nilizungumza na tajiri tu. Akina mama niliwasalimia.

Mashine ilipofungwa ikaanza kutona. Vali inafunga, lakini uzi mwembamba wa mafuta unabaki unaning'inia kwenye pua, mkanda unasogea, uzi unaangukia nje ya chupa. Kufika mchana vibandiko vyote vilikuwa vinateleza. Nilibadilisha vali mara mbili. Mama mmoja aliyekuwa ananitazama tangu asubuhi akaniambia, "Fundi, njoo uone." Akachukua jagi lake, akamimina, na karibu na kumaliza akafanya jambo ambalo hata yeye nadhani hakulijua kwa jina: aliinua mdomo wa jagi huku akiuzungusha kidogo kuelekea kwake, na mafuta yaliyokuwa mdomoni yakarudi ndani. Hakuna tone. Nikamwomba arudie. Akarudia mara tano, huku akinicheka.

Nilirudi Dar nikaunda pua mpya. Inazama hadi karibu na kitako cha chupa, inapanda pamoja na mafuta ili yasifanye povu, inafungia kwenye ncha yenyewe badala ya juu kwenye bomba, na mwisho inanyonya kidogo kurudi nyuma. Kunyonya kule ni mkono wa yule mama. Ningekaa naye siku mbili za mwanzo ningeokoa miezi miwili.

Na niseme hili, maana mafundi tunalipita upesi. Wale mama walikuwa wanne. Wawili walibaki kwenye mashine, mmoja akapelekwa kupakia maboksi, mmoja akarudi nyumbani. Kila mwenye kiwanda hunieleza kwamba uzalishaji ukikua wote watarudi. Wengine hurudi kweli. Yule wa nne sijui alipoishia, na nilikuwa nimemsalimia tu.

3. Waya ukikatika, isimame

Kila mashine ina kitufe chekundu chenye kichwa kama uyoga, juu ya kibati cha njano. Hata mtoto anajua kazi yake. Mimi nilikiunga hivi: kibonyezwe, ncha mbili za shaba zigusane, ishara ipite kwenye waya, mashine isimame. Kwa akili ya haraka huoni kosa.

Kinu cha alizeti kina panya. Hawana njaa, mbegu zimejaa tele, ila meno yanawawasha. Mmoja wao alitafuna waya wangu mahali unapopita chini ya mkanda, na hakuna aliyejua, kwa sababu waya ule haukuwa na kazi yoyote siku za amani. Mashine iliendelea kufanya kazi wiki nzima ikiwa na kitufe kilichokufa.

Kisha siku moja pindo la aproni ya yule mama wa jagi likashikwa na mnyororo unaovuta mkanda. Akabonyeza chekundu. Kimya. Akabonyeza tena. Kijana aliyekuwa mlangoni alikimbilia swichi kubwa ya ukutani akaishusha, na aproni ikawa imeshaliwa nusu mita. Yeye hakuumia. Nilipofika kesho yake nilimkuta amekaa juu ya gunia la mashudu. Aliitikia shikamoo yangu, kisha akaniuliza taratibu, "Fundi, kile chekundu ni pambo?"

Dawa yake imo katika kila kitabu cha fani hii, nami nilikuwa nimeisoma na kuifanyia mtihani. Kitufe cha dharura huungwa kinyume: umeme unapita humo muda wote, na kubonyeza ni kuukata. Hapo panya akitafuna, nati ikilegea, kutu ikila shaba, kwa mashine ni sawasawa na mtu amebonyeza. Tena hukata kontakta, ile swichi inayopeleka umeme kwenye mota, moja kwa moja; hakiombi ruhusa kwa programu. Na mnyororo unafunikwa bati, jambo ambalo halikuhitaji kitabu.

Mjapani Sakichi Toyoda, ambaye ukoo wake ndio uliozaa kampuni ya Toyota, alikuwa mtu wa vitambaa kabla jina hilo halijahusishwa na magari. Kitanda chake cha kufumia cha mwaka 1924 kilisimama chenyewe uzi mmoja tu ulipokatika. Nyuzi zilikuwa zinashikilia vibati vidogo. Uzi ukikatika, kibati kinaanguka, kitanda kinasimama. Kwa hiyo mtu mmoja aliweza kuangalia vitanda vingi, maana hakuwa na haja ya kuvikodolea macho. Nilikuwa nikidhani mashine bora ni ile inayokwenda. Nilihitaji panya wa Singida kunionyesha upande wa pili.

4. Jicho la mashine nalo huingia tongotongo

Sensa ya kuona chupa ilikuwa mwali wa mwanga: ukizibwa, chupa ipo, mimina. Vumbi la maganda ya alizeti likachanganyika na mvuke wa mafuta, likaganda kwenye kioo, mwanga ukazibika moja kwa moja. Kwa mashine, uchafu ukawa chupa. Ikamimina lita nne juu ya mkanda mtupu, ikasubiri kwa adabu, ikamimina nyingine nne.

Sasa programu zangu haziamini jicho lisilopepesa. Kati ya mzunguko mmoja na mwingine lazima sensa ione mwanya angalau mara moja. Isipouona, mashine inasimama na kulalamika. Silinda nazo ni hivyo hivyo: nikiiamuru ishuke, nasubiri sensa ya chini ithibitishe. Sekunde mbili zikipita bila jibu, tunasimama.

5. Umeme ukirudi, mashine isirudi nao

Fupi: ukikatika na kurudi, lazima mtu aje abonyeze kijani. Mashine inayoamka yenyewe wakati mtu ameingiza mkono kutoa chupa iliyolala haifai kuitwa mashine.

6. Iandike kwa lugha ya anayeilinda

Kinachoamrisha mashine hizi ni PLC, kompyuta ndogo ya kiwandani. Ilizaliwa Marekani. Mwaka 1968 wahandisi wa General Motors walichoka kufumua makabati ya rilei, swichi zinazoendeshwa na umeme, kila gari jipya lilipokuja, wakataka kifaa cha kupangwa upya bila kung'oa nyaya. Timu ya Dick Morley ikatoa Modicon 084, na programu yake ikachorwa kwa mfano wa ngazi, kama michoro ya rilei yenyewe, ili fundi umeme wa kawaida asome bila kurudi shule. Walimfikiria fundi wa zamu ya usiku.

Mimi sikumfikiria. Skrini ya mashine yangu ilikuwa inaandika hitilafu kwa Kiingereza, tena kwa namba za silinda nilizozijua peke yangu. Kila ikisimama nilipigiwa simu, napiga ramli kutoka Dar. Siku nilipoandika CHUPA HAIPO, HEWA NDOGO, PUA YA 3 HAIJASHUKA, simu zikapungua kuliko nilivyowahi kupunguza hitilafu zenyewe. Maelezo ndani ya programu nayo nayaandika kwa Kiswahili, ingawa vijana wa chuo hucheka.

7. Beringi iwe ya dukani

Mara moja nilichagua beringi nzuri mno kutoka ughaibuni. Ilipokufa, kiwanda kilisimama wiki tatu. Siku hizi ekseli zangu nyingi ni za milimita 20, zivae beringi namba 6204, ambayo kwenye maduka ya Gerezani, Dar, wanakuuliza tu unataka ngapi. Mkanda unavutwa na mnyororo wa pikipiki namba 428. Bodaboda wamesambaza ghala langu la vipuri nchi nzima, bure.

8. Nusu kwanza

Malipo nusu kabla ya kununua chuma, robo mashine ikifika, robo baada ya mwezi wa kazi. Robo ile ya mwisho huwa naidai kwa muda mrefu kuliko niliounda mashine, na sijapata dawa.

Wiki iliyopita yule mama wa jagi alinipigia. Sasa yeye ndiye msimamizi wa zamu.

"Fundi, imesimama. Imeandika HEWA NDOGO."

Nikaanza kumwelekeza: nenda kwenye kompresa, soma geji, kama iko chini ya baa 6...

"Nimeshakwenda. Kikombe cha kichujio kilijaa maji, nimeyamwaga, tumeshawasha. Nilipiga kukujulisha tu."

Nyuma yake nilisikia chupa zikigongana kwenye mkanda.