NYOKA AKITULIA MIKONONI, JE, AMEFURAHI?

Somo letu la leo ni juu ya nyoka. Hatutaeleza namna ya kumwua nyoka, maana hilo kila mtu wa Kyela amelijua tangu utoto. Leo tunajiuliza swali jingine. Je, nyoka ana hisia? Anaogopa, anafurahi, anapenda? Na akishikwa na mtu, anaona raha?

Pengine utasema, "Swali hili lina faida gani kwa mkulima wa mpunga na kakao?" Lina faida kubwa. Siku ya gulio wakati mwingine huja mtu na sanduku la mbao. Humtoa chatu, humzungusha shingoni, kisha huwaambia watu, "Huyu ananipenda. Njoo mshike, hana neno." Watoto husogea na kumpapasa. Chatu ametulia kweli. Sasa je, mtoto yule akiamini maneno hayo, kesho atafanya nini akimkuta nyoka aliyetulia kwenye majani ya kakao? Atamshika. Na huyo wa shambani huenda si chatu, ni kifutu.

Kwa hiyo tusome pamoja, polepole.

TUMEMVIKA NYOKA MAMBO YA MTU

Hapa kwetu nyoka amepewa roho ya mtu tangu zamani. Kati ya miaka ya 1934 na 1938 mtu na mkewe, Godfrey na Monica Wilson, walikuja kujifunza desturi za Wanyakyusa. Baadaye, mwaka 1951, Monica alitoa kitabu. Alieleza kwamba watu waliamini mchawi ana chatu tumboni. Eti chatu huyo ndiye mwenye uroho wa nyama na maziwa, ndiye anayewadhuru majirani. Tena waliamini kuwa walinzi wa kijiji nao walikuwa na nguvu za chatu, ila wao walizitumia kuwakinga watu.

Hebu tufikiri. Wivu ni wa nani? Uroho ni wa nani? Kuwalinda jirani ni kazi ya nani? Yote hayo ni mambo ya mtu. Wazee walichukua mambo ya mtu wakamvika chatu. Bwana wa sanduku naye anafanya vile vile. Tofauti ni moja tu: wazee walimvika chuki, yeye amemvika upendo.

Wapo pia wanaosema ukimwua nyoka, mwenzake atakuja kulipa kisasi. Si kweli. Nyoka hafuati mambo ya kisasi. Lakini majira ya kupandana yakifika, dume hufuata harufu ya jike. Ukimwua jike uani kwako, dume anaweza kufika papo hapo akifuata harufu ile. Watu wakimwona husema, "Mnaona? Amekuja kulipa!"

Basi tukitaka kumjua nyoka, tumvue kwanza nguo hizi za mtu. Tumtazame yeye mwenyewe.

MWILI WA NYOKA

Nyoka hana kope. Hafumbi macho hata akilala. Kwa hiyo usiseme, "Ananitazama kwa upendo." Atatazamaje vingine? Uso wake hauna misuli ya kucheka wala ya kukunja. Ukitafuta furaha usoni mwake hutaiona, na hasira vile vile.

Hana masikio ya nje. Mtikisiko wa ardhi huupata kwa mwili na taya lake. Ndiyo sababu ukitembea kwa kishindo nyoka wengi huondoka kabla hujawaona. Ulimi anaoutoa na kuurudisha si wa kuumia. Anaokota harufu nao.

Jambo kubwa kuliko yote ni joto. Sisi tukila ugali au wali, mwili unatengeneza joto lake. Nyoka kwa kawaida hupata joto kutoka nje: juani, kwenye jiwe lililopata jua, kwenye mchanga wa ufukweni. Sasa fikiri juu ya chatu aliyewekwa shingoni mwa mtu. Shingo ina joto. Tena yuko juu, hataki kuanguka, kwa hiyo anajizungusha na kukaza. Mtazamaji anasema, "Anamkumbatia!" La. Kwa chatu, mtu yule ni kama mti wenye joto.

BASI NYOKA HANA HISIA?

Hapana, tusiruke upande wa pili. Kusema nyoka ni kamba tu, hana cho chote ndani, nako ni kosa.

Hofu anayo. Akiogopa hutoa sauti ya kupuliza, huficha kichwa, hujikunja, hutoa harufu mbaya, hutafuta pa kukimbilia, au hugonga. Tena ukimshika nyoka muda mfupi baada ya kula, anaweza kutapika chakula chake chote. Mnyama aliyeona raha hatapiki chakula chake.

Wataalamu wamepima mambo haya. Mwaka 2023 huko Marekani walitoa matokeo ya kupima mapigo ya moyo ya nyoka wa huko wenye sumu, wale wenye njuga mkiani. Nyoka akitishwa akiwa peke yake, moyo ulikwenda mbio. Akitishwa akiwa na nyoka mwenziwe karibu, moyo haukwenda mbio kiasi kile. Mwaka 2020 wengine huko Kanada walionyesha kuwa nyoka wadogo wasio hatari huchagua wenzao wa kukaa nao, na huwarudia wale wale.

Mfano wa tatu unatuhusu sisi wenyewe. Mwaka 2018 mtaalamu wa Afrika Kusini, Graham Alexander, alieleza habari za chatu wa kusini mwa Afrika. Aina hiyo ndiyo iliyoko hata kusini mwa Tanzania. Chatu jike hutaga katika shimo lililochimbwa na mhanga. Rangi yake hugeuka kuwa nyeusi, naye huota jua mlangoni kisha huingia kuyapasha mayai joto. Katika muda wote wa uzazi hukaa zaidi ya miezi 6 bila kula. Watoto wakitoka, hukaa nao karibu wiki 2 hivi, na usiku huwazungushia mwili wake wenye joto. Hayo ni malezi. Nani kati yetu alijua kuwa chatu analea?

Lakini angalieni vizuri, ndugu wasomaji. Nyoka anatulizwa na nyoka mwenziwe. Chatu analea watoto wake mwenyewe. Hakuna hata mfano mmoja hapo unaosema kwamba nyoka anaona raha kushikwa na mtu.

KUTULIA SI KUFURAHI

Katika nchi za Ulaya na Marekani wapo watu wengi wanaofuga nyoka nyumbani, kama sisi tunavyofuga paka. Nyoka wanayempenda sana ni chatu mdogo wa Afrika Magharibi. Maelfu yao wamesafirishwa kutoka Togo, Benin na Ghana. Watu wanasema ni mpole, na jina lake kwa Kiingereza lina neno "mpira". Mbona mpira? Kwa sababu akiogopa hujikunja akawa mviringo, kichwa amekificha katikati. Yaani huyo anayesifiwa kwa upole amepewa jina kwa namna anavyoogopa!

Nyoka anayeshikwa kila siku kwa mikono ya taratibu huzoea. Hujifunza kuwa mkono ule haumwumizi, na hofu yake hupungua. Lakini kuzoea na kupenda ni mambo mawili. Mbwa wako ukirudi kutoka shambani hukukimbilia akitikisa mkia. Mwachie chatu wa sandukuni mfuniko wazi, uone. Atakwenda zake, wala hatageuka nyuma.

Mafundi wa kweli wa nyoka wanalijua hilo. Wenzetu wa Usukuma wana chama cha jadi kiitwacho Bayeye. Kazi yake ni nyoka: namna ya kuwashika, kucheza nao ngoma, na dawa za aliyeumwa. Ngoma yao ya chatu imejulikana nchi nzima, na habari zao zimehifadhiwa katika makumbusho ya Bujora, karibu na Mwanza. Mtu hujifunza kazi ile kwa walimu wake. Hajifunzi kupendwa na nyoka. Anajifunza kumshika.

Yupo pia bwana nyama mmoja wa wakati wa ukoloni, C.J.P. Ionides, aliyekaa Liwale na kukamata maelfu ya nyoka kusini mwa nchi yetu. Alifariki mwaka 1968. Alipokuta moma mkubwa wa msituni, kwanza alimgusa kichwani taratibu kwa koleo refu, aone kama atakasirika. Akiona ametulia, ndipo alipomshika shingo kwa mkono mmoja na kumtegemeza mwili kwa mkono wa pili. Alimpima kwanza. Hata hivyo, katika maisha yake aling'atwa mara kadhaa. Ikiwa fundi wa namna ile aling'atwa, itakuwaje mtoto wa darasa la pili?

Na kifutu je? Huyu ndiye mwalimu wetu mkubwa. Kifutu akisikia mtu anakuja, mara nyingi hakimbii. Hutulia kimya akitegemea rangi yake ifanane na majani. Kutulia kwake ni kujificha. Ukimkanyaga, ndipo anapouma. Kwa hiyo mwenye kusema "nyoka aliyetulia ni rafiki" anawafundisha watu kufa.

TUFANYE NINI?

1. Tusimshike nyoka wala tusiwaruhusu watoto kumpapasa, hata akiwa na mwenyewe. Chatu hana sumu, lakini meno yake ni makali, na akiwa mkubwa ana nguvu ya kumkaba mtu. Isitoshe, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kukamata wanyamapori bila kibali.

2. Shambani tupekue majani na maganda ya kakao kwa fimbo, si kwa mkono. Tuvae viatu vya kufunika mguu. Usiku tutembee na taa.

3. Tusiue kila nyoka tunayemwona. Wengi hawana sumu, tena hula panya wanaomaliza mpunga ghalani. Nyoka aliye porini apewe njia aende. Hana kisasi na wewe.

4. Mtu akiumwa, tumlaze, tumtulize, asitembee. Tumvue pete na bangili kabla hajavimba. Tusimchanje, tusinyonye jeraha, tusikaze kamba, wala tusitegemee jiwe la nyoka. Tumpeleke hospitali mara moja, kwa gari, kwa baiskeli, au kwa machela. Aliye Ikombe apakiwe mtumbwini aletwe Matema. Swila akitema mate machoni, tuoshe macho kwa maji mengi safi, kisha twende hospitali.

Hatari hii si ndogo. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa. Shirika hilo lilikadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa ajili hiyo. Wengi wao ni wakulima kama sisi, na watoto wao.

Ndugu wasomaji, nyoka si adui mwenye wivu, wala si rafiki mwenye upendo. Ni mnyama mwenye hofu yake, joto lake na watoto wake. Tukimjua hivyo, tutamwachia nafasi yake, nasi tutabaki salama katika yetu.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Kwa nini chatu hujizungusha shingoni mwa mtu? Toa sababu mbili.
2. Eleza tofauti ya kuzoea na kupenda.
3. Katika kijiji chenu watu husema nini juu ya nyoka? Yapi ni ya nyoka mwenyewe, na yapi ni mambo ya mtu aliyovikwa?
4. Msomee mtoto wako habari za kifutu. Kisha mwulize: nyoka akitulia, tufanye nini?