Kufunga Kidonda cha Upasuaji wa Retina kwa Mgonjwa Anayerudi Nduguti

Mgonjwa wa Wilaya ya Mkalama, mkoani Singida, anayehitaji upasuaji wa retina hupewa rufaa kwenda hospitali kubwa, kama KCMC ya Moshi au Muhimbili na CCBRT za Dar es Salaam. Akiruhusiwa hurudi kwa basi hadi Singida, kisha Iguguno, kisha Nduguti, mamia ya kilomita kutoka kwa daktari aliyempasua. Hivyo, anayeamua kushona kidonda au kukiacha kijifunge anapaswa kufikiria pia anakokwenda mgonjwa.

Robert Machemer alipoanzisha upasuaji wa kuondoa ute wa ndani ya jicho, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kifaa chake kilikuwa na upana wa takribani milimita 1.5, na mshono ulikuwa wa lazima. Vifaa vya leo vya geji 23, 25 na 27 vina upana wa kati ya milimita 0.6 na 0.4. Tundu hutobolewa kwenye sklera, milimita 3.5 hadi 4 kutoka ukingo wa konea. Kabla ya kutoboa, konjaktiva husogezwa kando, na kifaa huingizwa kwa mshazari. Kikichomolewa, shinikizo la ndani huzibana kuta za tundu, nalo hujifunga.

Hata hivyo, tundu dogo nalo huweza kuvuja. Baada ya kuchomoa kifaa, kila tundu likandwe taratibu kwa pamba safi, likaushwe na kutazamwa kwa darubini. Konjaktiva ikivimba kwa maji au gesi, au jicho likilegea, tundu lishonwe palepale. Uzi unaoyeyuka wa poliglaktini, namba 7-0 au 8-0, unatosha. Humalizika mwilini kwa takribani miezi miwili. Mtoto, mwenye sklera nyembamba kwa sababu ya mayopia kali, jicho lililowahi kupasuliwa na jicho lililojazwa mafuta ya silikoni ni hali ambamo mkono usisite kushona. Mgonjwa wa mbali aongezwe katika kundi hilo pale penye shaka. Kukwaruzwa na uzi kwa wiki chache ni usumbufu unaovumilika. Jicho linalovuja hupoteza shinikizo na huweza kuwafungulia njia bakteria, na maambukizi ya ndani huweza kuangamiza uoni kwa siku chache.

Aina ya kilichojazwa ndani ya jicho wakati wa upasuaji, gesi au mafuta ya silikoni, nayo ina uzito wake katika safari. Gesi hutanuka mgonjwa anapopanda mwinuko, na Singida ipo takribani mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Anayetoka Dar es Salaam na gesi jichoni huweza kupandwa na shinikizo kali njiani, kwa hiyo asisafiri kabla ya daktari kuridhika kwamba gesi imepungua vya kutosha. Gesi ya SF6 hukaa takribani wiki mbili, C3F8 takribani wiki nane. Mafuta ya silikoni hayana tatizo hili. Mgonjwa ana haki ya kuelezwa haya kwa lugha anayoielewa kabla ya kukata tiketi.

Kwa mtumishi wa kituo cha Nduguti, kazi huanza na barua ya kuruhusiwa. Barua itaje matundu yaliyoshonwa, aina ya uzi, kilichojazwa jichoni na tarehe ya kurudi. Isipotaja, hospitali iliyompasua ipigiwe simu na majibu yaandikwe kwenye faili. Jicho likaguliwe bila kubonyezwa, uoni upimwe, na uzi usikatwe pasipo maelekezo. Dawa za kienyeji zisiwekwe jichoni. Maumivu yanayozidi, usaha, kope kuvimba au uoni kushuka, hasa wiki ya kwanza, ni rufaa ya siku hiyohiyo. Mwenye gesi jichoni akihitaji upasuaji mwingine wowote, mtoa usingizi aarifiwe mapema, kwa kuwa gesi ya nitrasi oksaidi haifai kabisa kwake.