Juu ya Visiki vya Miombo na Moto wa Kiangazi

Mchoma makala wa pande za Lubumbashi, akiisha kuangusha mti, hudhani umekufa. Je, ni kweli? La, lililoondoka ni shina tu. Mizizi ingali hai ardhini, na kisiki hutoa machipukizi mengi. Hivyo ndivyo miombo inavyorudi. Kwa mbegu hurudi polepole, kwa maana maganda yake hupasuka na kuzirusha mita chache tu kutoka kwa mti mama. Ndiyo sababu shamba lililong'olewa visiki vyote hukawia mno kuwa msitu tena.

Basi, atakaye msitu na atunze kisiki. Akate kwa shoka kali, pasipo kubandua gome. Machipukizi yakisongana, aache mawili au matatu yaliyonyoka, mengine yawe kuni. Tanuru lisijengwe juu ya visiki, kwa kuwa joto lake huua mizizi. Misuku iachwe, hiyo haihitaji mtetezi, watoto huitetea wenyewe. Akina mama nao wajua kwamba uyoga hutafutwa penye miombo: aina nyingi huungana na mizizi yake, zikiipa chakula cha udongo na kupokea sukari ya mti.

Lakini adui mkubwa wa chipukizi ni moto. Karibu na Ndola, katika nchi ambayo leo ni Zambia, majaribio yalianzishwa mnamo mwaka 1933. Sehemu nyingine za msitu zilichomwa kila mwaka mapema, nyingine mwishoni mwa kiangazi, nyingine zikalindwa kabisa. C. G. Trapnell alitangaza matokeo mwaka 1959. Palipochomwa mwishoni palikuwa nyasi, na miti michache ivumiliayo moto. Palipochomwa mapema msitu ulidumu, na palipolindwa ulizidi kusongamana.

Sababu yake ni hii: mwezi wa Septemba nyasi zimekauka kabisa, miali hupanda juu, na ndipo miombo inapotoa majani mapya, mekundu na laini. Mwezi wa Mei au Juni nyasi zingali na unyevu, na moto hutambaa chini. Kwa hiyo, asiyeweza kuuzuia moto auwashe mapema, jioni, pasipo upepo, akiisha kufyeka njia pana kuzunguka machipukizi. Afanye hivyo kila mwaka, hata vichwa vyake vipite kimo cha miali.